Boila la Marehemu

Honi ya kiwanda ililia mara moja tu, ndefu, na mtaa mzima wa Mafiga ukajua zamu zimebadilika. Josephina aliitii tangu kiwanda cha nguo kikiwa cha umma. Kikauzwa, kikafungwa, kikauzwa tena, na kila mnunuzi akapunguza watu. Yeye alibakizwa kutunza kumbukumbu za mitambo, miguu ikimvimba, mawazo yakiwa shambani kwao Matombo.

Mwekezaji wa mwisho aliwaogopa washindani. Aliagiza taarifa zote zifungwe kwa msimbo kabla ya kupandishwa kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali alizokodi. Hata wenye kompyuta hizo wasingeweza kuzisoma. Mainjinia wa Dar walipewa ufunguo, lakini mtu alipata tu taarifa iliyobandikwa neno lile lile alilotafuta.

Sasa pale kiwandani, tangu mvuke wa boila la pili, mtambo wa kuchemshia maji, umuue Stephano, mume wa Josephina, boila hilo lilizimwa na hakuna aliyelitaja kwa namba. Liliitwa la marehemu, kwa kumstahi mjane. Naye alipoingiza kwenye kompyuta hitilafu za boila hilo za miaka yote, alizibandika jina hilo bila kufikiri.

Asubuhi moja Injinia Brenda alipiga simu kutoka Dar. Alimwamkia, akaeleza kwamba oda imezidi, boila moja halitoshi. Ametafuta 'boila la pili' kwenye kumbukumbu, halina hitilafu hata moja, na ameshamwambia Severini aliwashe.

Josephina alichungulia dirishani. Severini, mdogo wa marehemu, alikuwa amejaza kuni na ameshika kiberiti. Akamwita, akamwambia aache.

"Shemeji, huyu washa, huyu acha," Severini alilalamika. "Kwani mimi hapa nimeolewa na nani?"

Lakini kiberiti alikirudisha mfukoni, akakaa juu ya gogo kusubiri.

Josephina alirudi kwenye simu, akasema boila lile ni bovu, valvu yake hukwama. Brenda hakubisha, ila alichoka naye.

"Mama, mkurugenzi anataka ushahidi. Huku sioni kitu. Nitafute nini?"

Josephina alikaa. Miaka yote hiyo wenzake walimsemea jina la boila hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitoa kinywani. Aliisogeza simu karibu na midomo.

"Tafuta 'la marehemu'," alisema. "Ni mume wangu, mwanangu."