Ngozi ya Kishikio

Leo sokoni Nkwenda harufu ya ngozi mbichi ya mbuzi imenipiga puani nikasimama. Baba mdogo amethubutu kunituma mimi, si mwingine, nimnunulie ngozi ya kuzungushia kishikio cha upinde wake.

Siku alipoutengeneza, wa kufukuzia ngedere shambani, nilikuwa mtoto. Mbuzi wangu alikuwa hajaonekana tangu asubuhi, nimemtafuta mpaka miguu imevimba. Niliporudi, baba mdogo aliniwekea mbele kamba ya mgomba, mpira wa baiskeli na kipande cha ngozi. Mabaka yake niliyajua.

“Chagua cha kuzungushia.”

Nikasema mpira.

“Mpira huteleza mkono ukitoka jasho. Chagua tena.”

Nikasema kamba.

“Hiyo hukatika. Tena!”

Jikoni nyama ilikuwa inachemka. Nikasema ngozi.

Akamgeukia mama, akicheka. “Umemsikia, shemeji? Kachagua mwenyewe.”

Jioni hii nimempigia magoti, nikamwamkia shikamoo, nikampa kifurushi. Amekifungua.

“Mbona mpira?”

“Nimechagua mwenyewe, baba.”