Profesa na Diski ya Dada

Shemeji yetu tulimwita Profesa, maana hakuna jambo alilokubali kwamba halijui. Kompyuta ya dada ilipokufa, alijitwika kazi ya kutoa diski yenye picha za marehemu mama na kuitia kwenye kasha la USB, ili isomeke kwenye kompyuta yangu. Aliishika juu chini, akaisukuma kwa nguvu kama anayefunga sanduku lililofurika.

"Mume wangu, utavunja pini."

"Wewe unajua nini?"

Dada akamnyang'anya, akaigeuza, ikaingia taratibu kwa vidole viwili. Akachomeka waya, akafungua picha moja. Mama akatokea kwenye kioo cha kompyuta, anacheka.

Profesa akajikohoza. "Mnaona? Mimi ndiye niliyeilegeza."

Dada akampa bisibisi airudishe kwenye droo, kazi iliyomtosha.