Wodi ya Vidude Imejaa

Wifi yangu ni mkunga mstaafu, na mtaani kwetu hakuna anayemwita vingine. Ni Mkunga tu, hata kwa wale aliowapokea mwenyewe na sasa wana ndevu. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi wodi ya wazazi. Mimi ni dada wa marehemu mume wake. Nina duka la kutoa fotokopi, nina mdomo, na subira sina. Hayo nayasema mapema ili baadaye mtu asije akaniuliza kwa nini nilifoka.

Kaka yangu alikuwa fundi saa. Watu walipoacha kuvaa saa, akawa anashinda nyumbani na kompyuta yake akicheza mchezo mmoja tu: dunia ndogo ndani ya kioo, ina bustani na kisima, ina vidude vyenye masikio marefu vinavyokula, vinavyougua, vinavyotaga mayai na kufa kwa uzee. Kusema pia vinajifunza. Ukiviandikia maneno mara nyingi vinayashika, kisha vikubwa vinavifundisha vidogo. Kaka alivifundisha jambo moja. Mkono wa mchezaji ukitokea tu kwenye kioo, vyote vigeuke, na juu ya vichwa vyao yatokee maandishi: "Pole na kazi."

"Mke wangu akitoka zamu namwambia pole na kazi, ananipita kama nguzo, moja kwa moja kitandani," aliniambia huku akicheka. "Sitaki zawadi mimi. Nataka aseme nishapoa, basi. Sasa nimeajiri wasaidizi."

Wifi hakuwa na kiburi, alikuwa amechoka. Hilo nimekuja kulielewa baadaye. Wakati ule nilimsema vibaya kwa kila aliyenipa sikio, Mungu anisamehe.

Kaka alifariki miezi miwili baada ya mkewe kustaafu. Vidude vikabaki kumi na vinne, na Mkunga akavirithi kama mtu anavyorithi kuku. Mwaka ukapita. Mchana mmoja akanipigia simu dukani: "Wifi, njoo. Kompyuta inakata roho." Kwa kuwa nina mashine ya fotokopi, anaamini najua kila kitu chenye waya.

Nikafunga duka, nikaenda. Jamani! Vidude mia moja na kumi na viwili, vimebanana bustanini, vingine vimekalia vichwa vya wenzao. Matunda yanaliwa kabla hayajaiva. Kompyuta inanguruma, na ukisukuma kipanya, ule mkono unafika ulikoutuma wakati umeshasahau ulitaka nini. Pembeni yake Mkunga ameweka daftari: kila kidude na namba yake, tarehe ya kuzaliwa, mama yake, hali yake.

"Futa nusu," nikamwambia.

"Nifute?" Akanitazama juu mpaka chini. "Miaka yote ile sijamtupa mtoto, nianze leo?"

"Watoto gani, wifi? Hizi ni picha."

"Haya. Anza na yule."

Akanionyesha kimoja kando ya kisima, kimekula chumvi, rangi imefifia, sikio moja limekunjika. Alikiita Mzee Sikio. Mkono ulipokisogelea, kikainua kichwa: "Pole na kazi." Vile vingine zaidi ya mia viligeuka pia, vikatukodolea macho, kimya.

Ndipo akanieleza. Mzee Sikio ndiye wa mwisho kati ya wale waliofundishwa na kaka kwa mkono wake. Kidogo hakishiki neno mpaka kikae na kikubwa kwa utulivu, siku kadhaa, na katika msongamano ule nani angekaa na nani? Waliozaliwa humo wote walikuwa mabubu.

"Huyu akifa hajamfundisha hata mmoja, basi," alisema. "Maneno ya kaka yako yamekwisha."

"Si uyaandike wewe?"

"Nikiandika mimi itakuwa pole yangu."

Hakulia. Niliyelia ni mimi, kisha nikakasirika kwa kulia.

Wakati najifuta uso, kidude kimoja kikataga yai chini ya ukuta, penye kivuli. Mkunga, bila hata kufikiri, akalidaka na kuanza kulisogeza hadi kwenye chumba chenye taa nyekundu.

"Unalipeleka wapi?"

"Chumba cha watoto njiti. Nalo lipate joto, maskini, baridi yote ile."

"Na mengine?"

"Yote. Mwaka mzima halijanipotea hata moja," akasema, na kifua kikamjaa.

Hapo nikaanza kushuku. Nikafungua maelezo ya mchezo, ambayo kaka hakuwahi kuyasoma kwa sababu yeye maelezo alikuwa hasomi, na Mkunga hakujua kama yapo. Yalikuwa mafupi. Bustani ikijaa, vidude hutaga kivulini. Yai la kivulini halifi. Linalala mpaka nafasi ipatikane, kisha linajiangua lenyewe.

"Ebo!" nikafoka. "Kumbe dunia ilikuwa inajipanga yenyewe! Wifi, umezalisha mpaka unataka kuwaua!"

Uso wake ukaanguka. Akafunga daftari polepole.

"Nilidhani naokoa," alisema.

Nilitamani kuumeza ulimi wangu. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikasoma maelezo hadi mwisho, kisha nikamuuliza kwa upole, yaani upole wa kwangu: "Wodi ikijaa mlikuwa mnafanyaje?"

"Tuliwaruhusu waliopata nafuu waende nyumbani."

"Basi hata hapa pana nyumbani. Kuna ghala humu ndani. Ukikiweka kidude humo kinalala, na siku ukikitaka kinarudi vilevile. Hakuna wa kufutwa."

 Akainuka, akaenda kunawa mikono. Kunawa mikono, jamani, ili ashike kipanya!

Kazi ile ilituchukua michana mitatu. Mimi nasoma namba kutoka daftarini, yeye anakitafuta kidude, anahakikisha kimekula, anakivusha, kisha anaandika: "Ameruhusiwa." Havikuruhusiwa kwa pupa. Vyenye homa vilingoja. Vilipobaki tisa, matunda yakaanza kuiva, na kompyuta ikanyamaza kama mgonjwa aliyepata usingizi. Kidogo kuliko vyote, cha manjano, akakiweka kisimani na Mzee Sikio. Mayai yaliyotagwa kivulini aliyaacha pale, ila aliukalia mkono wake wa kulia.

"Unaniwasha," alisema.

Siku ya nne tangu hapo Mzee Sikio alikula tunda zima, akajilaza, akafa. Tulikuwa wote wawili tunatazama. Kile cha manjano kilikuwa ubavuni pake, na mpaka saa ile hakikuwa kimetamka neno. Mkunga akaandika saa ya kufa, kama alivyozoea kazini. Mimi nikasema, "Tumejitahidi," neno kavu kabisa, lakini sikuwa na jingine.

Asubuhi yake nikapitia kwake kabla ya kufungua duka. Nilimkuta mbele ya kompyuta iliyozimwa.

"Washa wewe, wifi. Mimi sina moyo huo."

"Thubutu. Wodi ni yako."

Akawasha. Mkono ukatokea juu ya kisima. Kile cha manjano kilikuwa kinatafuna, mgongo kwetu. Kikageuka, kikatutazama huku kinaendelea kutafuna, na juu ya kichwa chake yakatoka maneno, moja baada ya jingine: "Pole na kazi."

Mkunga akakiachia kipanya. Akaweka mikono mapajani, akaegemea kiti kama mtu aliyeingia kutoka zamu sasa hivi.

"Nishapoa, mume wangu," akasema. "Nishapoa."