Siku Dada Alipowashukuru Wasimamizi wa Simu

Habari ya msiba ule ilitufikia kwa simu, tena imechelewa. Mtoto wa dada yangu alifanya kazi katika mashamba ya miwa upande wa Turiani, akaoa huko na kuzaa watoto wawili. Aliugua kwa muda mfupi, akafariki alfajiri. Wakwe walitupigia, hatukupatikana. Wakatuma ujumbe, simu yao ikaandika kwamba umetumwa, wakangoja mpaka alasiri ndipo wakazika.

Sisi tulikuwa hapa Kinole. Dada alikuwa akimenya magome ya mdalasini, nami nilikuwa msikitini nikisomesha. Mnara wa simu ulioko kilimani ulikuwa umelala tangu mwanzo wa wiki. Mafuta ya jenereta yalikwisha na kampuni haikuleta mengine. Hatukushangaa, maana mnara wetu hulala mara kwa mara. Ujumbe ulipoingia, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka.

Kwetu Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba asipofika mazikoni, watu huona pengo. Mama asipofika, hutafuta sababu, na wakwe zetu walishaipata. Dada hakuipenda ndoa ile tangu mwanzo, na kila mtu alilijua hilo. Basi wakaamini kwamba alipata habari akakataa kuja. Wajukuu nao, kwa desturi hiyo hiyo, ni wa ukoo wa mama yao. Bibi wa upande wa baba huwaona kwa hisani ya wakwe tu. Tulipokwenda kuhani, dada alipewa kiti nje na maji ya kunywa. Watoto hawakutolewa.

Ndipo likaja tangazo kwamba ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za simu itakutana na wananchi mjini Morogoro ili kusikiliza kero. Nilimshukuru Mungu. Nikampigia mkwe, baba wa yule mjane, nikamwomba aje asikie kwa masikio yake kwamba siku ile mnara ulikuwa umelala. Ni mtu wa swala, hana inda.

"Wakisema wao wenyewe, mwalimu, nitaamini," alinijibu. "Na watoto nitawaleta Kinole kwenye arobaini kwa mkono wangu."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi mmoja kule Mwembesongo, na watu walijaa mpaka madirishani. Wasimamizi walishuka gari moja na mabwana wa kampuni, wakakaa nao meza moja. Wote walivaa kofia za kampuni, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyogharimia viti, maji na kipaza sauti. Nyuma yetu alikaa mama mmoja muuza viungo sokoni.

"Leo refa kaja na jezi," alisema, wala hakunong'ona.

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mwalimu mmoja mstaafu alisimama akasema, "Tukilalamika kwenu mnakwenda kuiuliza kampuni. Kampuni inasema mambo ni mazuri, nanyi mnatuletea jibu lile lile. Mwanafunzi gani anajisahihishia mtihani?"

Kiongozi wa wasimamizi alikuwa mtu mpole. Alisema kampuni ni wadau, hazina budi kulelewa, zikibanwa sana zitang'oa minara.

"Waleeni," yule mama akamjibu. "Lakini na sisi tunyonyeshwe basi."

Jirani yetu mmoja akauliza juu ya mnara wa Kinole. Msimamizi alifunua karatasi. "Taarifa niliyonayo inaonyesha mnara huo ulikuwa hewani miezi yote hii."

"Taarifa hiyo mmeletewa na nani?"

"Na kampuni."

Ukumbi uliguna. Nilimtazama mkwe, aliyekaa upande wa pili, mikono juu ya mkongojo wake. Hakuguna. Kwake yeye lililosemwa na serikali lilikuwa limesemwa.

Hapo dada akapewa kipaza sauti. Msimamizi alimwamkia kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alisimama wima, ushungi umekaa vizuri. Milimani kwetu humwanzi mgeni kwa lawama. Utamshukuru kwa safari, kwa alichokuletea, ndipo utoe lako. Ndivyo tulivyolelewa, nami nimewafundisha hivyo watoto wengi. "Kwanza nawashukuru kwa kuja. Nawashukuru na kwa mnara. Tangu uje, nawasikia wajukuu zangu wa Turiani kama wako jikoni kwangu."

Akanyamaza kuvuta pumzi.

"Mmesikia wenyewe," msimamizi akasema, akiugeukia ukumbi. "Kinole hiyo hiyo. Asante sana, bibi. Mpigieni makofi."

Mabwana wa meza walipiga makofi, na kijana wa kampuni akakichukua kile kipaza sauti mkononi mwa dada. Yule muuza viungo alisema kwa nguvu, "Hajamaliza huyo, mwacheni." Dada aliinua mkono, akauweka juu mpaka ukachoka. Nilisimama mimi, nikaambiwa wazee wa Kinole wameshasikilizwa, nikae. Swali lililofuata lilihusu bei ya vifurushi.

Nje tulimkuta mkwe akitafuta kivuli.

"Mkwe," dada alimwambia, "nilikuwa ndiyo kwanza naanza."

"Nimekusikia, mkwe. Umesema unawasikia vizuri, na wenye kazi yao wamesema mnara ulikuwepo." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mimi nilikuja nikitaka nishindwe. Mungu ndiye shahidi."

Alinipa mkono, akaenda stendi.

Arobaini tulisoma hapa nyumbani. Alhamdulillahi, majirani walikuja, wali ulitosha, dua zilisomwa. Dada alikuwa amewawekea wajukuu kando sinia dogo na maandazi. Jua lilipoanza kushuka alinikabidhi simu yake nimpigie mkwe, kwa kuwa macho yake hayasomi namba. Siku hiyo mnara ulikuwa hewani, hata mawingu ya mlimani hayakuuzuia. Simu iliita vizuri kabisa, sote wawili tukiisikiliza. Iliita mpaka ikakata.

"Piga tena, kaka," alisema.

Nikapiga.