Mama Alivyompokea Mgeni wa Bima

Diploma yangu ya uhasibu niliipata kwa jasho langu, na leo nimerudi Bukavu nina nyumba ya matofali ambayo hakuna aliyenisaidia kuijenga. Ninaanza na hilo kwa sababu hata ukimbizini sikuwa mtu wa kupanga foleni. Wenzangu katika kambi ya Dzaleka, Malawi, waliponda udongo wa matofali. Mimi nilivaa tai katika ofisi moja Lilongwe, nikawekewa na bima ya matibabu ya familia.

Mama yangu alibaki Dzaleka na dada yangu. Akili yake ilikuwa imeanza kumtoka. Alikuwa akijitwika beseni na kushika barabara kuu, akiwauliza watu njia ya soko la Kadutu, lililoko kwetu Bukavu. Mara mbili magari yalikaribia kumgonga.

Upande wa Kauma, pale Lilongwe, palikuwa na nyumba ya kutunza wazee, yenye uzio na nesi. Mshahara wangu, ingawa wengi waliutamani, haukuweza kuilipia. Bima ingelipa, lakini mtu wao alipaswa kwanza kumwona mgonjwa na kukubali kwamba hawezi kujitunza.

Alikuja Dzaleka mchana, bwana mmoja mwenye koti. Mimi nilikuwa mkalimani. Mama alikuwa ameongoza wamama wa kanisa Bukavu kwa miaka mingi, na hakuna mgeni aliyewahi kumkuta hana la kusema. Alinyanyuka, akampa kiti chake.

"Karibu, papa. Bantu ya kwenu iko? Batoto baliamuka muzuri?"

Nikatafsiri Kiswahili chake cha Bukavu: karibu, baba, watu wa kwenu wapo, watoto wameamka salama? Yule bwana akasema wote wazima, akashukuru kwa Kichewa, zikomo.

"Na hii koti inakutosha kweli? Bibi yako hakupikiake?"

Bwana akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza leo ni siku gani.

"Siku ya wageni," mama akasema, akampigapiga bega.

Na hapa ni wapi? bwana akauliza.

"Kwa Mungu, papa. Wote tuko kwake."

Bwana akaninyooshea kalamu. Huyu je, anamjua?

Mama aliniangalia kwa heshima kubwa.

"Huyu? We! Huyu ni mutu mukubwa. Anatumikaka ku biro. Iko na diploma."

Nikatafsiri neno kwa neno, mtu mkubwa, anafanya kazi ofisini, ana diploma, na nakumbuka nilinyoosha tai. Mgeni aliandika, akaombewa na mama safari njema, sala ndefu isiyokosewa hata mahali pamoja, akaondoka.

Siku chache baadaye watu wa bima walinipigia simu ofisini. Mama anaongea vizuri, walisema, ana adabu, ana furaha, anajivunia mwanawe. Uzee si ugonjwa. Nikasema asante, nikaendelea na hesabu zangu.

Kwa hiyo hakwenda Kauma. Dada yangu alianza kumfunga kwa kitenge kiunoni, ncha ya pili akijifunga mwenyewe, na hivyo walipika na kufua pamoja.

Jumamosi nilipanda basi kwenda kuwaona, nikiwa na sukari na sabuni. Dada alisogea ili kitenge kifike. Mama alinyanyuka, akanipa kiti chake.

"Karibu, papa. Bantu ya kwenu iko?"

"Iko, mama."

"Na mama yako? Iko muzima?"

"Iko muzima."

"Umusalimie."

Nikasema nitamsalimia.