Uwanja Uliozungukwa na Mwadi

Mwadi alipika sabuni ya mawese uani kwake, na majirani walishachoshwa na moshi. Mkubwa wa mtaa alimpa mpaka mwisho wa kiangazi: ahamishe mapipa yake au azime moto kabisa. Na sabuni ndiyo iliyoilisha nyumba yake tangu mumewe afariki.

Kwa miaka mingi alikuwa akitamani mahali pamoja tu, uwanja mtupu nyuma ya bohari la zamani, karibu na reli. Kila alipouliza aliambiwa Likasi hakuna nafasi, kila lupango, kila kipande cha ardhi, kina mwenyewe. Mwenyewe nani? Hapo wanamfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Mwadi hakubishana. Kanisani kwao, kitu unachomwomba Mungu unakizunguka kwa miguu huku ukimlilia. Basi kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, aliuzunguka uwanja ule akiomba kwa sauti, inyeshe mvua, litimke vumbi. Miaka ikaenda, naye yumo tu. Watu walisema amerukwa na akili. Wangerukwa na wao hivyo, mji ungepona.

Kiangazi kile alichopewa kikiwa hakijaisha, wafanyabiashara wakaitwa mkutanoni. Mji ulitaka kuchunguza ardhi yote iliyo wazi kwa biashara na viwanda, lakini hazina yake haikutosha. Nani angechangia? Moussa, muuza vitenge aliyekuwa naye akihangaika kutafuta mahali pa kujenga bohari, aliruka juu.

— Tulipe juu ya kutuonyesha udongo? Macho tuko nayo!

Watu wakacheka. Mwadi akasimama.

— Minye nitatoa, papa Moussa. Kila siku banasemaka nafasi hakuna. Sasa baende bapime, tuone!

Akatoa pesa zote alizoweka za kununulia mawese. Kicheko kikakatika. Mmoja mmoja wakaanza kuchanga, na Moussa naye akatoa, huku akinung'unika.

Siku ya matokeo, mhandisi Joëlle aliwaonyesha ukutani picha zilizopigwa na droni. Mwadi alishika kifua. Hakuwahi kuuona mji wake kutoka juu: mapaa, reli, viwanda vilivyokufa, na katikati yao nafasi, nafasi, nafasi, zote zimepakwa kijani, rangi ya ardhi isiyo na mwenyewe. Aliogopa, na woga wenyewe ulikuwa mtamu. Kumbe walikuwa wakibanana miaka yote hiyo, na Mungu amewatandikia ardhi yote ile!

Lakini uwanja wake ulipakwa rangi nyekundu.

— Ingénieur, ule juu ya nini hauko kijani?

— Iko na mwenyewe, mama. Angalia ii njia, ya balinzi bake.

Joëlle akaikuza picha. Mstari mweupe wa udongo uliokanyagwa ulionekana ukiuzunguka uwanja wote, bila kukatika popote. Mwadi akausogelea ukuta. Hakuna mlinzi aliyewahi kupita pale. Ilikuwa miguu yake. Alidhani maombi yake yanapeperuka na upepo, kumbe yaliandikwa chini, yakasomeka angani.

Angenyamaza, uwanja ungebaki mwekundu, na hakuna ambaye angeugusa, hata yeye. Angesema, ungekuwa wa yeyote mwenye kuuomba, wakiomba wawili aupate mwenye kulipa zaidi, na ukumbi ulijaa watu wenye mifuko mizito kuliko wake.

— Ile njia ni yangu, alisema. Minye njo nazungukaka pale, namulomba Mungu anipatie. Mwenyewe hakuna.

Joëlle akaigeukia mashine yake, akatafuta jina la mwenyewe asilione, na mbele ya macho yao wote uwanja ukageuka kijani.

— Nani anaomba hapa? akauliza, sauti yake imeshuka.

Mwadi akainua mkono. Kando yake mkono wa Moussa ulikuwa umeshapanda, maana mahali karibu na reli ndipo alipopataka siku zote. Moussa akautazama tena ule mstari ukutani, akaushusha mkono wake taratibu.

— Hapana, mama, alisema. Minye pia namuogopaka Mungu.

Ukumbi mzima, hakuna mkono mwingine ulioinuka.