Damu ya Upande wa Mama

Niliondoka Kambove kwa sababu ya mimba. Mpwa wangu Chola, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa amebakiza mwezi mmoja ajifungue, na daktari wa Lubumbashi alituita tusikilize majibu ya damu zetu. Chola ni kiziwi tangu akiwa na miaka tisa. Alilazwa kwa homa kali, akachomwa sindano siku saba; homa ikaisha, masikio nayo yakaisha. Tulitaka kujua kama mtoto atakayezaliwa yuko katika hatari ile ile. Katika ukoo wetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Basi nikaenda mimi, mwalimu wa falsafa, mtu ambaye akiona sindano hutafuta kiti.

Asubuhi, Likasi, tulibadilisha gari. Malori ya madini yalitutangulia barabarani, nasi tukala vumbi lao hadi Lubumbashi. Chola aliketi dirishani, daftari letu mapajani. Tunaongea kwa kuandikiana humo.

Saa nne tulikuwa mbele ya daktari, mwanamke mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alichora wanawake watatu kwa mstari mmoja: mama yangu, dada yangu, Chola.

"Iko ndani ya damu ya upande wa mama," akasema. "Ni badiliko ndogo mu urithi. Haisumbue muntu, mpaka siku anapigwa sindano ya jamii ya jentamisini. Njo masikio inakufa."

"Na mimi?"

"Weye pia uko nayo, mujomba. Lakini mwanaume haipitishe kwa batoto yake. Inaishia kwako."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa kwamba mimi ni mwisho wa kitu.

Alitupa kadi mbili: moja ya Chola, nyingine ya mtoto, nafasi ya jina ikiwa wazi. Wauguzi wazione kabla ya sindano yoyote. Dawa nyingine zipo. Chola aliisoma ile ya mtoto, akaibandika tumboni kwa kiganja, akatabasamu.

Mimi sikuweza. Upande wa mama! Mwaka ule Chola alipopoteza masikio, ukoo wetu uliketi kutafuta aliyemfunga masikio, na kwetu macho hukimbilia upande wa baba. Walimwona Tante Ngoie, dada wa baba yake Chola. Mimi, msomi wao, nikapewa neno. Nilisimama mbele ya mlango wake huko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, majirani wamejaa, nikamwita mchawi. Wala sikuamini uchawi. Nilikuwa na lisansi ya chuo kikuu. Nilisema kwa kuwa nilitumwa, na nilisema vizuri sana.

Adhuhuri tulifika Kamalondo. Zamani Tante Ngoie alishona sare za shule. Baada ya maneno yangu, hakuna mama aliyempelekea mtoto apimwe. Tulimkuta akishona mapazia.

"Ah, mujomba wa mudomo muzuri," akasema, cherehani ikiendelea. "Unakuya kunitukana tena?"

"Tante, nakuya kuomba pardon. Daktari ameonyesha: ile bintu inatoka kwetu."

"Siku ile ulinisema wapi?"

"Inje. Mbele ya bantu."

"Na pardon unaniletea ndani ya nyumba?"

Nikatoka. Nikasimama barabarani, nikasema yote kwa sauti: sindano, damu yetu, uongo wangu. Fundi viatu akainua kichwa. Kwenye baa ya jirani wakapunguza muziki.

"Papa, unauzisha dawa gani?" kijana mmoja akauliza, wenzake wakacheka.

Wote walikuwa wageni. Walionisikia mara ya kwanza walishahama au kufa.

Niliporudi ndani, Tante Ngoie alikuwa amemshika Chola mashavu kwa mikono miwili. Akamwachia.

"Umesema muzuri," akaniambia. "Njo vile ulisema hata siku ile." Akarudi kwenye mapazia yake. Hakutuambia tukae.

Jioni, katika gari la kurudi Likasi, Chola alinisukumia daftari. Alikuwa ameandika: "Ulikuwa unasema nini barabarani?"

Hakuna aliyewahi kumweleza. Tulifikiri asiyesikia hana haja ya kujua. Nikaandika ukurasa mzima, mwandiko ukirukaruka na mashimo ya barabara. Aliusoma mara mbili. Kisha akaongea, kwa sauti yake ambayo hawezi kuipima, gari zima likasikia:

"Mi nilizani Tante alinichoka sababu sisikie! Miaka yote! Kumbe ni shiye njo tulimufukuza?"

Abiria wakageuka kunitazama. Dereva akazima redio. Chola alikuwa akinikazia macho midomoni, akingoja isogee.

Safari hii imenifundisha jambo moja, nami naliandika kwa kuwa sikuweza kulitamka: sindano ilimnyang'anya Chola masikio. Shangazi tulimnyang'anya sisi.